Modemu Isiyojua Kungoja

Mwezi wa Agosti mwaka 1988, Bwana Nahashon alipewa wiki tatu za kuwa mtu wa kisasa.

Kwa miaka tisa alikuwa amekaa mbele ya teleksi, katika ofisi ndogo nyuma ya mapokezi, kwenye hoteli ya Watamu ambayo mjomba wangu Mbaruk alikuwa meneja wake. Teleksi ilipiga kelele kama cherehani iliyokasirika, Nahashon akararua karatasi, wageni wakapata vyumba, na dunia ikaendelea. Kisha mwenye hoteli, Mzungu aliyekuja mara mbili kwa mwaka kukagua rangi ya kuta, akaleta makasha matatu: kompyuta, printa na modemu. Akasema teleksi itaondolewa mwisho wa mwezi. Karani atakayeziweza mashine hizo atabaki. Asiyeziweza ataondoka, na pamoja na kazi ataacha chumba cha wafanyakazi kilicho nyuma ya udobi, alimokuwa akiishi na mkewe Mueni na binti zao wawili.

Mimi nilikuwa na miaka kumi na sita, kidato cha tatu, nimekuja likizo kutoka shule ya bweni ya huko bara, ambako nilikuwa nimefuzu kusema uongo nikiwa nimesimama wima, na kompyuta. Shule yetu ilikuwa na kompyuta mbili za msaada. Mwalimu aliyepewa kuzisimamia alikuwa akiziogopa, kwa hiyo sisi wanachama wanane wa klabu tulizifungua tulivyopenda. Mjomba Mbaruk hakuogopa kitu duniani ila kitabu cha maelezo. Alinikabidhi kitabu cha modemu, kurasa tisini za Kiingereza, pamoja na bisibisi, mbele ya wafanyakazi wote.

"Fundi ni Mahadhi," akatangaza. "Nahashon, huyu atakufundisha. Msikilize kama unavyomsikiliza padri wako."

"Mimi ni Mmethodisti, Bwana Mbaruk. Sisi hatuna padri."

"Basi msikilize kama mtu asiye na padri."

Nahashon alikuwa mtu wa Meru, wa miaka arobaini na kitu, aliyevaa tai hata katika joto la Watamu, akiifunga hadi koo likafanya mkunjo. Alileta daftari alilolivisha jalada la gazeti, akaandika juu yake kwa herufi kubwa MODEMU, akapiga mstari kwa rula. Hapo ndipo nilipojua kwamba likizo yangu itakuwa njema.

Nakiri kwamba kazi yenyewe niliifanya vizuri. Jambo kubwa lilikuwa moja, na nililieleza kwa makini, maana ndilo roho ya mashine. Orodha ya wageni ilitoka Mombasa, kwenye ofisi ya wakala, ikipita katika waya wa simu kwa kasi. Printa yetu ilikuwa na mwendo wa bibi kizee. Printa inaposhiba, kompyuta humwambia modemu neno moja: ngoja. Modemu hulifikisha neno hilo Mombasa, na Mombasa hunyamaza. Printa ikishapunguza tumbo, kompyuta husema: haya, lete. Chini ya kifuniko cha modemu kulikuwa na safu ya swichi nane ndogo kama punje za mchele. Ya tatu ikiwa juu, modemu husikia ngoja. Ikiwa chini, modemu huwa kiziwi.

"Ni kama mtu anakumiminia maji kutoka kwenye pipa," nikamwambia, "na wewe umeshika chupa."

Nahashon aliandika: pipa, chupa. Kisha akainua kichwa. "Na huyu wa pipa asiposikia ngoja?"

"Maji yanamwagika."

"Nitaona yamemwagika?"

"Huoni kitu, Bwana Nahashon. Ndiyo ubaya wake. Kompyuta haina sakafu."

Aliliandika hilo pia. Alikuwa mwanafunzi mzuri kuliko wote niliowahi kuwatesa.

Nikamsomea na kanuni. Nyingine zilikuwa za kweli. Kanuni ya nne: kifuniko cha modemu kisifunguliwe na mtu asiye fundi. Kanuni ya tano niliitunga pale pale: wakati modemu inapoimba, mtu yeyote asivae viatu ofisini, kwa sababu mtikisiko wa soli huingia katika waya na kuvuruga herufi.

"Hata meneja?" akauliza.

"Waya haujui meneja."

Kuanzia siku ile, kila asubuhi saa nne, kabla ya simu ya Mombasa, Nahashon alisimama mlangoni na kuwavua watu viatu. Jedida wa mapokezi alivua. Wapagazi walivua. Mjomba wangu mwenyewe alivua, akaingia na soksi iliyotoboka kidole gumba, akasimama kwa heshima kubwa mpaka mluzi wa modemu ulipokwisha. Mimi nilikaa juu ya meza, miguu peku, nimekunja uso kama kadhi.

Mambo yangeishia hapo, nami leo ningekuwa na kisa cha kuchekesha tu. Lakini Nahashon alifanya kosa la kuwa mkweli.

Kulikuwa na Mjerumani mmoja mwekundu aliyekuwa na hamu ya kujifunza Kiswahili, nami sikumnyima. Nilimfundisha kwamba mtu mkubwa huamkiwa hivi: "Shikamoo, mzee kipara." Alifanya mazoezi siku mbili ufukweni. Siku ya tatu alimsimamisha Mjomba katikati ya ukumbi wa chakula, akainama, akamwamkia kwa sauti ya mtu anayekula kiapo. Wapishi walilazimika kukimbilia jikoni. Mjomba, ambaye upara alikuwa nao kweli, aliitikia marahaba kwa sababu mgeni ni mgeni, kisha akaanza upelelezi. Wafanyakazi wote hawakujua. Wote hawakuona. Nahashon peke yake, alipoulizwa, alisema: "Ni Mahadhi. Niliwasikia wakirudia."

Nilipigwa makofi manne, nayo niliyapokea. Lakini nilinyimwa pia kwenda Malindi Jumamosi, ambako palikuwa na ukumbi unaoonyesha video za karate, na rafiki zangu walikuwa wameshanishikia nafasi.

"Bwana Nahashon, kwa nini umenisema?" nikamwuliza.

"Niliulizwa," akasema. Hakuona kwamba jibu hilo lina upungufu wowote.

Katika bweni letu tulikuwa na mahakama. Mahakama ile haikumwarifu mshtakiwa kwamba ameshtakiwa. Yeye aliijua hukumu alipojifunika blanketi na kukuta limelowa. Kwa kuzingatia utaratibu huo, nilikaa pwani chini ya mwavuli wa wageni, nikajiteua hakimu, nikajiita shahidi, nikajisikiliza, na kesi ikaisha kabla sijamaliza dafu. Alhamisi iliyofuata yalikuwa yaje mabasi mawili ya Waswisi, orodha ndefu kuliko zote za mwezi ule. Alhamisi asubuhi, Nahashon alipokwenda kunywa chai, nilitoa skrubu moja, nikafungua kifuniko, nikaishusha swichi ya tatu kwa ncha ya bisibisi. Nikafunga. Kazi ya dakika moja.

Nilitazamia vurugu ya kuonekana: herufi za ovyo, karatasi iliyojaa takataka, Nahashon akipiga simu Mombasa na kuomba radhi mara sita. Nilitaka kumwona akitoka jasho ndani ya tai yake. Lakini mashine ilikuwa na ukatili wa adabu kuliko mimi. Saa nne modemu iliimba, taa yake nyekundu ikawaka mfululizo, printa ikachapa, na karatasi ikatoka safi. Ilianza na jina la kwanza la alfabeti na kuishia na la mwisho. Ila katikati, printa iliposhiba na modemu isisikie, majina saba yalikuwa yamemwagika. Mahali yalipokatika, mwanzo wa jina moja ulikuwa umeungana na mwisho wa jina jingine, ukazaa mtu asiyekuwapo: Brunnhofstetter.

"Lo," akasema Nahashon, akifuata mstari kwa kidole. "Hawa watu wana majina."

Hakuhesabu. Miaka tisa teleksi haikuwahi kumficha jina hata moja. Kilichotumwa kilikuwa kwenye karatasi, na kilichokuwa kwenye karatasi kilikuwa kimetumwa. Alichukua mkasi kama desturi yake, akaikata orodha vipande vyembamba, jina moja kipande kimoja, akavitia kila kimoja katika kisanduku cha ufunguo ukutani. Karatasi nzima haikubaki. Ndivyo hoteli ilivyofanya kazi tangu ilipojengwa. Jedida alihesabu visanduku vitupu, akaona vyumba saba viko wazi, na mchana ule akawapa Waitaliano waliokuja kutoka Malindi bila kuagiza.

Saa tisa alasiri mabasi yakaingia.

Majina yalipangwa kuwa thelathini na moja, kila jina na chumba chake. Vipande vilikuwa ishirini na vinne, na kimojawapo hakikuwa na mwenyewe. Jedida aliita "Brunnhofstetter" mara nne, akiikunja midomo kila namna, na hakuna aliyeitika. Chumba hicho akapewa bibi mmoja mwenye plasta mguuni. Walibaki watu wa vyumba saba, wamesimama na masanduku yao juani, kwanza wakitabasamu, kisha wakiulizana, kisha wakiacha kutabasamu. Mwanamume mmoja alikalia sanduku lake na kuanza kuandika barua kwa mwenye hoteli, pale pale, mbele ya Mjomba, huku akimwuliza jina lake linaandikwaje.

Mjomba alipiga simu kila hoteli, kuanzia Watamu hadi Malindi, akawatawanya Waswisi wale kama mtu anayegawa watoto wa paka. Kisha akaingia ofisini na viatu vyake.

"Nahashon! Watu wangu saba wako wapi?"

"Hawakuja kwa karatasi, Bwana Mbaruk."

"Hawakuja kwa karatasi! Wamekuja kwa basi! Nimewaona kwa macho yangu, wana miguu!"

"Nasema hii mashine haikuwaleta."

Mjomba alitazama juu, kwenye pangaboi lililokuwa likizunguka. "Vipande vimepeperuka. Unakata vikaratasi chini ya pangaboi, halafu unasingizia mashine. Si kiliwahi kupotea kimoja, kikaonekana kwenye supu?"

"Kilikuwa kimoja. Mwaka wa themanini na tatu. Na siku ile nilikubali."

"Basi kubali na leo!"

Nahashon hakukubali. Alitoa kipande cha Brunnhofstetter, akakiweka mezani. "Huyu mtu hakuitika. Chumba kina jina, lakini jina halina mtu. Nafikiri ni majina mawili yameshikana. Nafikiri maji yalimwagika." Akanigeukia. "Mahadhi, ile swichi ya ngoja iko sawa?"

Nilisimama wima. "Iko sawa, Bwana Nahashon. Niliiweka mwenyewe."

"Majina ya Wazungu hayo," akasema Mjomba. "Nani ayajuaye yanaanzia wapi yakaishia wapi."

Nahashon alikitia kipande kile ndani ya bahasha, akaifunga, akaiweka katika droo ya meza yake. Alifanya yote polepole, na alipomaliza alikuwa amefikia uamuzi. "Naomba kitu kimoja. Kesho saa nne, Mombasa watume tena orodha ile ile, yote. Waje nayo na kwa mkono, tulinganishe. Mashine iwe hivi ilivyo sasa. Mtu asiiguse. Kama imekula majina leo, kesho itakula tena mbele yenu. Kama haitakula, basi ni mimi, na nitaondoka mwenyewe."

Lazima niseme kwamba katika klabu yetu ya kompyuta hakuna aliyewahi kufikiri vizuri namna ile.

"Haya," akasema Mjomba. "Hayo ni maneno ya mwanamume." Akatutoa sote, akafunga mlango kwa ufunguo, akanipa mimi.

Nahashon aliutazama ufunguo mkononi mwangu. "Bwana Mbaruk, ningeomba akae nao Jedida."

"Jedida mnasali naye kanisa moja. Huyu hana upande. Ni fundi, tena ni damu yangu."

Jioni, kabla ya magharibi, Nahashon alinikuta jikoni nikila viazi karai. Alikuwa ameilegeza tai kwa mara ya kwanza, na shingo yake ilikuwa nyeupe mahali ilipobanwa.

"Mahadhi, sikuombi unisaidie," akasema. "Nakuomba tu usifanye kitu."

"Mimi? Bwana Nahashon, mimi kutofanya kitu ndicho kipaji changu. Waulize walimu."

Hakucheka. "Mueni ameshaanza kufunga vyombo. Nimemwambia afungue, hakuna mahali tunaenda. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Haya. Asante."

Alinishukuru, na mimi nikatia kiazi kingine kwenye ukwaju.

Sasa nalieleza jambo hili kama lilivyonikalia asubuhi ya Ijumaa, saa mbili, nikiwa na ufunguo mfukoni. Kama ningeliacha kila kitu kilivyokuwa, mashine ingekula majina tena, na Nahashon angepona. Kisha lingekuja swali: kwa nini inakula? Wangefungua kifuniko. Kifuniko kilikuwa na skrubu moja, na hoteli nzima ilikuwa na bisibisi moja ya kuifungua, nayo ililala kwenye mfuko wangu wa nyuma. Mjomba angeniondoa shule. Alikuwa ameshamwahidi baba kwamba nikimwaibisha tena atanipeleka kwa ndugu zetu Lamu nikauze mkaa. Mahakama ilikaa upya. Ilizingatia kwamba kosa si la mshtakiwa, kwamba mshtakiwa ana watoto, na kwamba mimi sipendi mkaa.

Na tazama jinsi dhambi yangu ilivyokuwa na sura ya wema: nilichotakiwa kufanya ni kutengeneza. Nilifungua mlango, nikafungua kifuniko, nikaipandisha swichi ya tatu, nikafunga. Modemu ikawa nzima, inasikia kila kitu. Ningemwambia mtu yeyote duniani kwamba nimeingia kutengeneza mashine iliyoharibika, na ningekuwa nasema kweli.

Kisha nikafungua droo, nikatoa bahasha. Shuleni nilikuwa nimekwisha kula kanuni za hesabu za mitihani miwili, kwa hiyo karatasi si kitu kigeni tumboni mwangu. Ya printa ni ngumu zaidi na ina ladha ya utepe wa wino. Brunnhofstetter alishuka kwa tabu kidogo. Bahasha niliifunga upya kwa mate na kuirudisha.

Saa tatu na nusu akafika Gerishom, mtu wa wakala kutoka Mombasa, kijana mwenye mkoba na haraka. Alikuwa na orodha kamili mkononi. Walisimama ofisini: Mjomba, Gerishom, Jedida mlangoni, na Nahashon kwenye kiti chake, tai imefungwa mpaka juu. Wenyeji wote walikuwa wamevua viatu bila kuambiwa. Gerishom aliwatazama miguu, akanitazama mimi.

"Ni mambo ya ufundi," nikamwambia.

Akavua.

Opareta wa Malindi aliunganisha simu. Nahashon alisikiliza mluzi, akabonyeza kitufe, akaweka mkono wa simu chini taratibu. Printa ikaanza. Gerishom alisoma kila mstari kwa sauti na kuutia alama kwenye orodha yake. Amstutz. Baumann. Bieri. Nahashon hakuwa akitazama karatasi hata kidogo. Alikuwa akiitazama taa nyekundu ya modemu. Iliwaka, ikazimika kidogo, ikawaka, ikazimika tena, kama mtu anayekula na kupumua.

"Inapumzika," akasema.

"Nini inapumzika?" akauliza Mjomba.

"Hii taa. Jana haikupumzika. Jana iliwaka moja kwa moja mpaka mwisho. Bwana Mbaruk, hii si mashine ya jana."

"Nahashon, kuna mashine moja tu hapa."

"Nimekaa mbele ya taa za namna hii miaka tisa. Naijua taa. Mtu ameigusa."

"Brunner," akasoma Gerishom. "Bürki. Egli." Akaendelea mmoja mmoja. Wale saba wakaja wote, pamoja na Hofstetter, wamenyooka, kila mtu na ndege yake na chakula asichokula. Printa ikanyamaza. "Thelathini na moja," akasema Gerishom, akafunga kalamu. "Hakuna pungufu. Kwetu hakuna tatizo."

"Ngojeni," akasema Nahashon. Alivuta droo, akatoa bahasha, akaichana. Akatia vidole viwili ndani. Akaipindua, akaitikisa juu ya meza. Hakikuanguka kitu. Aliichungulia kama mtu anayetazama ndani ya kisima, kisha akaiweka chini, akaninyanyulia macho.

Nimewahi kutazamwa na walimu wakuu watatu, na nimewahi kutazamwa na mbwa wa askari. Nilisimama wima.

"Kulikuwa na kipande," akamwambia Mjomba, lakini alikuwa bado ananitazama mimi.

"Kimepeperuka na hicho," akasema Mjomba, na Gerishom akacheka kabla hajajizuia.

Baada ya hapo Nahashon hakusema tena habari ya taa.

Mjomba hakuwa mtu mbaya. Aliagiza chai, na kikombe kimoja kilikuwa cha Nahashon. Kisha akaniambia nikae kwenye kompyuta, kwa sababu barua ya mtu kuondoka ni lazima iwe safi, na mwenye hoteli atataka kuiona. Nahashon aliniachia kiti. Mjomba alisema, nami nikachapa. Kwamba Nahashon, karani wa vyumba, alipoteza majina ya wageni saba. Kwamba mashine ilipimwa mbele ya mashahidi ikaonekana nzima. Kwamba ameachishwa kazi kuanzia leo na atatoa vitu vyake chumbani kabla ya saa sita mchana. Kwamba mwenyewe amekiri kosa.

Printa ilichapa barua kwa mwendo wake ule ule wa bibi kizee. Nahashon aliingoja akiwa amesimama, mikono nyuma. Alipopewa aliisoma kwa kidole, mstari kwa mstari, akafika mwisho, akakiacha kidole pale.

"Hili neno liondoke. Sikukiri."

"Ulisema mwenyewe," akasema Mjomba. "Mashine isipokula majina, ni wewe."

"Hiyo si kukiri. Hiyo ni kupima. Niandike nimefukuzwa, sawa, nitakwenda. Lakini nikienda kuomba kazi na barua inasema nimekiri, nani atanipa hata mlango kulinda? Bwana Mbaruk, nina watoto. Ondoa neno moja tu."

Mjomba alisita. Nililiona hilo kwa macho yangu. Neno moja halikuwa na uzito kwake, na alikuwa ameshachoka. Alikuna upara, akamtazama Gerishom, ambaye alikuwa akivaa viatu na hakutaka kuhusika, kisha akanigeukia mimi.

"Mahadhi, jana wewe ulikuwapo. Alikiri, hakukiri?"

Nahashon naye akanigeukia. Uso wake haukuwa na hasira. Ulikuwa na kitu kibaya zaidi, ulikuwa unangoja.

Ilikuwa rahisi. Ilikuwa kusema tu hapana, na hakuna ambaye angenishuku kwa hapana, na Nahashon angeondoka na karatasi ya kumwezesha kula mahali pengine. Sijui hata leo kwa nini sikuisema. Labda niliona kwamba mtu aliyekiri hawezi kurudi kuuliza habari ya taa.

"Alikiri, Mjomba," nikasema.

Nahashon alitoa kicheko kifupi kwa pua. Aliomba kalamu, akainama, akatia sahihi, na pembeni ya sahihi akaandika saa, kama watu wa teleksi wanavyofanya: 11.20. Alikunja nakala yake mara nne, akaitia mfuko wa shati, akamwambia Mjomba asante kwa chai.

Kupitia dirishani nilimwona akivuka uwanja kuelekea udobi. Binti zake walikuwa wamekalia godoro nje ya mlango, kila mmoja na sufuria mapajani. Mueni alikuwa amesimama na ufagio. Nilisikia akiuliza, "Wamesema nini?"

Jibu sikulisikia. Simu ililia. Ilikuwa Mombasa, wana orodha fupi ya Jumamosi, wanauliza kama kuna mtu wa kuipokea. Mjomba akanionyesha kiti kwa kidevu. Nikakaa, nikasubiri mluzi, nikabonyeza kitufe.